Barua ya wazi kwa watengenezaji wa programu za ofisi: hivi viraka vyenu vinaziba nini?

Kwa: Wakuu wa idara za usalama,
Kampuni zinazotengeneza programu za kuandika na kufungua nyaraka za ofisi.

Kutoka kwa: Mwenye steshenari, Morogoro.

YAH: MASHAKA JUU YA VIRAKA VYA USALAMA VYA MAFAILI YA OFISI

Ndugu Wakuu,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Huenda huko mliko hakuna steshenari kama zetu, kwa hiyo nianze na hilo. Ni chumba kimoja chenye kompyuta tatu, printa, mashine ya fotokopi na benchi lisilokauka watu. Mwanafunzi wa chuo analeta tasnifu kwenye flashi. Mwalimu analeta mtihani wa muhula. Kijana anataka wasifu wake urekebishwe kabla ya saa sita, mwisho wa kupokea maombi. Mzee ana mkataba wa kiwanja ambao mwanawe kamtumia kwa barua pepe. Kila mmoja ana faili na kila mmoja ana haraka, na kazi yangu mimi ni kulifungua.

Ushauri wenu wa kwanza, miaka nenda rudi, ni kwamba nisifungue faili kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikiufuata nifunge duka. Wateja wangu karibu wote siwajui, na hata ninaowajua hawajui faili lao limepita kwenye kompyuta za nani. Kwa hiyo kinga yangu ni ninyi, yaani viraka mnavyotoa, yale marekebisho ya programu yanayoziba matundu ambayo wahalifu hupenyea. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa vya kwake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu, kutegemea Wamarekani wamesogeza saa zao au bado. Usiku huo mimi hununua bando kubwa, nikaacha mashine zikifanya kazi, nikaenda kulala.

Mwaka jana kompyuta mojawapo ilianza kufanya mambo yake baada ya mteja kufungua tangazo la zabuni. Masasisho yote yalikuwemo. Nikamwandikia wakala aliyeniuzia leseni (sitamtaja, maana tatizo hili si lake peke yake) nikamuuliza swali moja tu: kiraka nilichoweka mwezi ule kilihusu mafaili ya aina ile, au hapana? Akanijibu nihakikishe nimesasisha. Nikaandika tena kwamba nimesasisha. Mara ya tatu jibu likawa lile lile, safari hii likiwa na kiungo cha ukurasa uliojaa namba za CVE (ndizo hutambulisha kila tundu) na alama za ukali. Mpaka leo sijui. Ndiyo sababu naandika hadharani.

Mifano yangu mingi ni ya Microsoft, kwa kuwa wanaoingia mlangoni kwangu huja na Word na Excel. Wengine msichekelee, nitawafikia.

1. Kiraka cha Novemba 2017

Ndani ya Office yenu, Microsoft, kulikuwa na kiprogramu cha kuandikia milinganyo ya hesabu, EQNEDT32.EXE. Kilitengenezwa na kampuni nyingine, Design Science, na nakala mliyokuwa mkiisambaza ilijengwa Novemba 2000. Tangu Office 2007 mlikuwa na njia mpya ya kuandika milinganyo, lakini cha zamani mkakiacha humo humo ili mafaili ya zamani yaendelee kufunguka. Kwa kuwa kiliendeshwa peke yake, nje ya Word, kikabaki miaka yote hiyo bila kinga ambazo Word yenyewe ilishapewa. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya usalama ya Embedi wakaonyesha kwamba faili lililotengenezwa kwa hila linaweza kukitumia kuendesha amri yoyote kwenye kompyuta. Makro, yaani amri zinazowekwa ndani ya faili ili zijiendeshe, hazikuhitajika. Tundu likapewa namba CVE-2017-11882, na tarehe 14 Novemba kiraka kikatoka.

Mashaka yangu yalianzia hapo. Watu wa 0patch, huduma ya kampuni moja ya Slovenia, walilinganisha kiprogramu cha kabla na cha baada ya kiraka. Wakakuta karibu kila kitu kimekaa pale pale kilipokuwa, isipokuwa sehemu chache zilizobadilishwa. Programu ikijengwa upya kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya mtengenezaji, haitoki hivyo, vitu husogea. Wakahitimisha kwamba inaelekea kuna mtu aliirekebisha kwa mkono programu iliyokwisha kujengwa, kama fundi cherehani anayebadilisha kipande cha kanzu bila kufumua pindo, pengine kwa sababu msimbo wenyewe haukupatikana tena. Walimsifu aliyeifanya kazi ile, na mimi namsifu, si kazi ya mtoto. Lakini kwenye tangazo lenu mimi niliambiwa tu kwamba tundu limezibwa. Sikuambiwa kwamba kitu kilichozibwa kina umri wa miaka 17, wala kwamba hata mwenye nacho anakishika kwa kupapasa.

Haikupita hata miezi miwili. Likaonekana tundu la pili kwenye kiprogramu kile kile, CVE-2018-0802, na tarehe 9 Januari 2018 mkakiondoa kabisa.

Kwangu habari hiyo aliileta mwalimu wa hesabu. Alikuja na mitihani yake ya miaka ya nyuma ili abadilishe namba tu, kama kawaida. Milinganyo inaonekana, lakini ukiibofya hairekebishiki. Akanitazama kama mtu aliyeharibiwa flashi yake, na kwa nusu saa nami niliamini hivyo. Tukachapa upya mlinganyo mmoja mmoja, kurasa tisa, na sikumtoza kitu kwa aibu. Wakati huo huo 0patch walikuwa wametoa bure kiraka cha kukirudisha kiprogramu kile kikiwa kimezibwa. Wao hawakuwa na msimbo na waliweza.

Nieleweke: kukiondoa kilikuwa kitendo sahihi. Kilitakiwa kufanyika 2007, kwa tangazo, pamoja na njia ya kuhamishia milinganyo ya zamani kwenye mfumo mpya.

2. Jibu la "si suala la usalama"

Agosti 2017 SensePost, kampuni ya Afrika Kusini, waliwaeleza Microsoft kwamba DDE, njia ya zamani ya programu moja kuchota data kutoka nyingine, inaweza kuendesha amri kutoka ndani ya faili la Word bila makro yoyote. Wakajibiwa kwamba ndivyo ilivyokusudiwa ifanye kazi. Oktoba wakachapisha matokeo yao, na mwezi huo huo wahalifu wakaanza kuutumia mlango ule. Tarehe 12 Desemba Microsoft ikaizima DDE ndani ya Word. Kitu ambacho Septemba hakikuwa tatizo, Desemba kikawa cha kuzimwa, na kilichobadilika katikati ni kwamba watu walikuwa wameshaumia.

Miaka mitano baadaye mambo yakawa yale yale. Aprili 2022 mtafiti alipeleka faili la Word lililokuwa likiita chombo cha Windows cha kuchunguzia hitilafu, MSDT, na kukifanya kiendeshe amri. Akajibiwa si suala la usalama, shauri likafungwa. Mei 27 kundi la watafiti la nao_sec likaonyesha hadharani faili la namna hiyo lililopakiwa kutoka Belarus. Ndilo tundu lililokuja kuitwa Follina. Likiwa katika muundo wa RTF, halikuhitaji hata kufunguliwa, kulitazama tu kwenye kidirisha cha kuhakiki kulitosha. Kiraka kilitoka Juni 14. Katikati hapo ushauri ulikuwa nifute kipengele fulani kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake. Nilikifuta kwenye mashine zangu zote tatu. Je, katibu muhtasari wa shule ya kata yeye alikifuta?

Na hata mnapokubali kwamba ni tatizo, saa zenu hutembea polepole. CVE-2017-0199, tundu jingine la mafaili ya Word, Microsoft waliarifiwa Oktoba 2016. Kiraka kilitoka Aprili 11, 2017, wahalifu wakiwa tayari kazini.

3. Makro, na flashi ambayo hamkuifikiria

Kirusi cha kwanza cha makro kilichosambaa kupitia Word, Concept, ni cha mwaka 1995. Melissa ilikuja Machi 1999, ikijituma kwa watu 50 wa kwanza katika kitabu cha anwani. Mkaweka maonyo, mkaweka viwango vya usalama, mkaweka utepe wa njano wenye kitufe ambacho kila mtu hukibofya ili kazi iendelee. Februari 2022 ndipo mkatangaza kwamba makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa moja kwa moja. Nilifurahi kweli. Julai mwaka huo mkaurudisha nyuma uamuzi huo kimya kimya. Watumiaji ndio waliogundua na kuuliza, kisha ndipo mkaeleza. Baada ya wiki kadhaa mkaendelea nao.

Lakini kuna jambo ambalo sijaona mkilisema kwa sauti. Kizuizi hicho hutegemea alama ambayo Windows hulibandika faili lililotoka kwenye intaneti. Alama hiyo huishi kwenye diski yenye mfumo wa kupanga mafaili uitwao NTFS. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haiibebi. Mteja akipakua faili nyumbani, akalihamishia kwenye flashi, akaniletea, linafika kwangu limeshaoshwa. Utepe wa njano wa hali ya ulinzi hautokei na kizuizi cha makro hakishituki. Kwa mashine yangu hilo ni faili la nyumbani.

Nchi hii nyaraka hutembea kwa flashi. Mlijenga geti zuri la barabara kuu, na sisi tunapita njia ya miguu. Sisemi geti libomolewe, nasema mtuambie kwamba halipo upande huu.

4. Maelezo yanayopungua

Zamani tangazo la kila tundu lilikuwa na maelezo mafupi: kosa liko wapi, linachokonolewaje, kiraka kinabadilisha nini. Novemba 2020 Microsoft wakayaondoa, wakaweka jedwali la alama. Jedwali linaniambia ukali ni 7.8. Sina cha kufanya na 7.8.

5. Tarehe 14 Oktoba 2025

Siku hiyo msaada wa Office 2016 na Office 2019 ulikoma, siku moja na Windows 10. Mashine nyingi za mtaani kwetu zimebaki zote mbili, na hazitabadilishwa kwa sababu ya kalenda yenu.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa mengine nimeshapewa.

Mtasema kiraka kilikuwepo, watumiaji ndio hawakukiweka. Ni kweli kwa sehemu. Mei 2020 CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, na FBI zilitaja matundu yaliyotumiwa zaidi na wadukuzi wa serikali za nje kati ya 2016 na 2019. Matatu yaliyoongoza yalikuwa CVE-2017-11882, CVE-2017-0199 na CVE-2012-0158, hili la mwisho likiwa na kiraka tangu Aprili 2012. Mnaweza kuusoma huo kama ushahidi wa uzembe wetu. Mimi nausoma hivi: yote matatu yanahusu OLE, ile teknolojia ya kupachika kitu cha programu moja ndani ya faili la nyingine. Mlipokuwa mkiziba tundu moja moja, ukuta wenyewe mliuacha. Na hilo la Aprili 2012 lilikuwa kwenye faili la MSCOMCTL.OCX. Agosti mwaka huo huo mlirudi na kiraka kingine cha faili hilo hilo.

Halafu mtu anayenunua bando kwa megabaiti hakatai usalama. Anakataa kushushiwa kifurushi ambacho ndani yake kuna kiraka, rangi mpya za vitufe na msaidizi wa akili mnemba ambaye hakuna aliyemwomba.

Mtasema kueleza kwa kina kunawafundisha wahalifu. Wahalifu hufanya kile kile walichofanya 0patch, huweka faili la kabla na la baada pamoja, wakatazama tofauti. Kiraka chenyewe ndicho somo lao. Asiyeweza kusoma namna hiyo ni mimi.

Mtasema mtaani kumejaa Office za kukreki. Zimejaa, na sitajifanya mtakatifu: miaka yangu miwili ya mwanzo nilitumia hizo hizo. Niliponunua leseni nilidhani nimenunua na haki ya kuuliza swali nikajibiwa.

Mtasema programu huria nazo zina matundu. Zinayo. LibreOffice ilikuwa na CVE-2018-16858, ambapo kupitisha kipanya tu juu ya kiungo kilichofichwa kwenye waraka kulitosha kuendesha msimbo. Sikuwaita malaika. Ila rekebisho lao liko wazi, mstari kwa mstari, na asiyejua kusoma msimbo anaweza kumpata anayejua akamwonyesha. Kwa hao nina lawama ya upande mwingine: mwenye kompyuta wa kawaida mara nyingi hajui kabisa kwamba toleo jipya limetoka, kwa hiyo kiraka kizuri kinabaki kwenye tovuti yao.

Na mtasema mafaili ya zamani lazima yaendelee kufunguka. Hapa nipo upande wenu kuliko mnavyodhani. Nina wateja wenye mikataba ya mwaka 1998. Wanataka isomeke na ichapike. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba mkataba wake uweze kuendesha amri kwenye kompyuta yangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kila kiraka cha programu ya nyaraka kiambatane na aya moja ya lugha ya kawaida: kinahusu mafaili ya aina gani, hatari huanza kwa kufungua au hata kwa kuhakiki tu, na asiyeweza kusasisha leo azime nini. Ikiwezekana kwa Kiswahili pia. Menyu za Office mlishazitafsiri, aya moja kwa mwezi haitawashinda.

(b) Kiraka cha usalama kitoke peke yake, kidogo, kama faili moja ninaloweza kupakua mara moja na kulipitisha kwenye mashine zote kwa flashi. Zamani niliweza. Matoleo ya sasa hujisasisha yenyewe, la sivyo nipakue kifurushi kizima.

(c) Sehemu za zamani zizimwe toka kiwandani, OLE na ndugu zake wote, na anayezihitaji aziwashe mwenyewe. Mkitaka kuondoa kitu, tangazo litokee ndani ya programu miezi kadhaa kabla, na njia ya kuhamisha kazi za watu iwepo. Mwalimu wangu wa hesabu angewashukuru.

(d) Mtu akileta taarifa ya tundu mkaamua si suala la usalama, jibu hilo lichapishwe na tarehe yake, ili siku likigeuka kuwa suala tuwe tunajua mlijibu nini.

(e) Faili linalotoka kwenye flashi lifunguliwe kwa ulinzi ule ule wa faili la intaneti, bila kungoja alama ambayo flashi haiwezi kubeba.

(f) Tundu ambalo tayari linatumiwa na wahalifu lizibwe hata kwenye matoleo yaliyokoma msaada, bila malipo. Sidai kwa kila tundu, nadai kwa hayo tu.

Wakati nasubiri, nimefanya ninachoweza. Laptopu moja ya zamani nimeiondolea intaneti, ndiyo inayopokea flashi za wateja. Faili hufunguliwa humo, likageuzwa kuwa PDF na kuchapwa kwa waya, na kila Jumapili naifuta yote na kuanza upya. Foleni imekuwa ndefu, na wenye haraka huenda steshenari ya jirani, ambako kuna kompyuta moja yenye kila kitu na utepe wa njano hubofywa kabla haujamaliza kutokea. Siwalaumu.

Nakala ya barua hii nimempelekea wakala wangu, pamoja na lile swali langu la mwaka jana, kwa mara ya nne.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kazi,
Mwenye steshenari,
Morogoro.